Zulia la sufu linalonyonyoka: jibu kwa dada wa Mkomani

Dada mmoja wa mtaa wa Mkomani, Lamu, ameniandikia kuhusu zulia alilolinunua Mombasa miezi mitano iliyopita, alipokuwa akitayarisha nyumba kwa wageni wa Maulidi. Lina mita 2 kwa 3, na mwenye duka alimhakikishia kwamba ni sufu tupu, kazi ya mkono. Tangu wiki ya kwanza linanyonyoka: kila akifagia hukuta mabonge ya manyoya chini ya makochi na kwenye pembe za chumba. Wifi yake anasema ameuziwa zulia bovu. Jirani amemshauri alioshe kwa sabuni ya unga na jiki, ili yanayotoka yatoke mara moja yaishe. Yeye mwenyewe ameona jambo lililomtia wasiwasi zaidi, kwamba chini ya kabati, mahali pasipokanyagwa na mtu, manyoya ya zulia lenyewe yamepungua kuliko katikati ya chumba. Mwanawe wa miaka mitatu ana kikohozi. Anauliza kama zulia limeharibika, kama linamdhuru mtoto, na afanye nini.

Wa alaykum salaam, dada yangu. Nianze na la haraka: usilioshe zulia hilo sasa, na jiki usiisogeze karibu nalo kamwe. Jiki huyeyusha sufu. Haiishii kwenye kufifisha rangi. Ukiutia uzi wa sufu katika jiki isiyozimuliwa, baada ya muda utautafuta usiuone. Sabuni ya unga ya kufulia haifiki hapo, lakini ukali wake wa magadi hudhoofisha sufu na kuiacha kavu, yenye kukatika. Isitoshe, kuosha hakumalizi manyoya. Maji na kusugua hulegeza msokoto wa uzi, kwa hiyo zulia lililooshwa kwa nguvu hunyonyoka zaidi baada ya kukauka kuliko kabla.

Ili nielezee kwa nini linanyonyoka, itazame kamba ya usumba, ile ya nyuzi za makumbi ya nazi ambayo wazee wa Lamu waliitumia hata kushonea mitepe, vyombo vyao vya bahari vya zamani. Ndani ya kamba ile hakuna unywele mmoja unaotoka mwanzo hadi mwisho. Ni nyuzi fupi zilizosokotwa pamoja, zikashikana kwa msuguano. Ukiikata vipande vya urefu wa kidole kisha ukasugua kipande kimoja viganjani, nyuzi zitadondoka, na hutasema kamba ilikuwa mbovu. Uzi wa sufu uko vivyo hivyo. Unywele wa kondoo unaotumiwa kwa mazulia huwa na urefu wa sentimita 5 hadi 15 hivi, nao husokotwa na wenziwe mpaka ukapatikana uzi. Kisha uzi huo hukatwa vipande vifupi, kila kimoja kikishikwa kwenye shina la zulia na ncha zake mbili zikitazama juu. Zulia lenye manyoya ya kimo cha sentimita moja na nusu lina vipande vya sentimita 3 na ushei tu. Ndani ya kila kipande mna nywele ambazo hazikufika pale panaposhikwa, na kinachozizuia ni msokoto peke yake. Nyayo zinapopita juu yake siku baada ya siku, msokoto hulegea kidogo, nywele hizo hupanda, hutoka, hujiviringisha, na hayo ndiyo mabonge unayoyakuta chini ya makochi.

Ndiyo sababu mazulia ya nailoni na ya polipropilini, yale mepesi yanayouzwa kwa wingi katika maduka ya Malindi na Mombasa, kwa kawaida hayanyonyoki hivi. Nyuzi zake hutokana na plastiki iliyoyeyushwa na kusukumwa katika matundu madogo, mithili ya tambi zinavyotoka katika mashine, kwa hiyo uzi mmoja unaweza kwenda masafa marefu bila kukatika, na kila kipande kilichomo ndani ya zulia kimeshikwa chini kikamilifu. Hayo hutoa mabaki ya mkasi wa kiwandani kwa siku chache, basi. Kapeti za manyoya marefu za poliesta ni jambo jingine, kwa kuwa baadhi yake hufumwa kwa nyuzi fupi zilizosokotwa kama sufu, nazo hunyonyoka vilevile.

Kwa hiyo wifi yako amekosea katika jambo moja: kutoa manyoya peke yake si dalili ya ubovu. Zulia jipya la sufu hunyonyoka kwa wingi katika wiki za mwanzo, kisha hupungua polepole katika muda wa miezi mitatu hadi sita, na likiwa halikanyagwi sana linaweza kuendelea karibu mwaka. Lako lina miezi mitano, basi swali la kujiuliza ni kama manyoya yanapungua. Jicho halifai kupima hili, kwa sababu manyoya ni hewa tupu na bonge linalojaza kiganja halina uzito wa kijiko cha sukari. Chukua chupa mbili za achari zinazolingana. Manyoya yote ya wiki hii yatie katika moja bila kuyashindilia, na ya wiki ya nne kuanzia leo yatie katika nyingine, ukiwa unafagia kwa namna ileile na siku zilezile. Ikiwa ya pili imejaa kidogo kuliko ya kwanza, zulia linamaliza yale yaliyokuwa yamelegea. Ikiwa zimelingana, au ya pili imezidi, kuna sababu nyingine. Zulia la ukubwa wa lako, likiwa ni la sufu nzito, linaweza kuwa na sufu ya kilo 10. Hata likipoteza gramu 100 katika mwaka wake wa kwanza, hiyo ni sehemu moja katika mia, na macho yako hayatatambua tofauti.

Sasa nakuja kwenye maneno ya mwenye duka, "kazi ya mkono", ambayo yamewaingiza watu wengi katika hasara, kwa kuwa huitwa hivyo vitu viwili visivyofanana. Zulia la kweli la mafundo hufumwa kwenye kitanda cha mfumi: fundi hulifunga kila fundo la sufu kwa vidole kwenye nyuzi za mtande, zile zilizotandwa kwa urefu, kisha hupitisha mshindio, uzi wa upana, na kuushindilia ili mafundo yabanane. Fundo hilo halihitaji gundi, na zulia la namna hiyo hudumu kuliko aliyelinunua. La pili hutengenezwa kwa mashine ya mkononi yenye umbo la bunduki. Fundi huudunga uzi katika kitambaa kilichowambwa, na kwa kuwa uzi huo haukufungwa popote, mgongo wote hupakwa gundi ya mpira wa majimaji (lateksi), kisha hufunikwa kwa kitambaa cha pamba ili usionekane. Mkono wa mtu umetumika katika yote mawili, kwa hiyo mwenye duka hakusema uongo, lakini amekuachia uelewe unavyotaka.

Kulijua lako ni rahisi. Igeuze pembe moja. Ukiona mgongoni maua yaleyale yaliyo juu, fundo kwa fundo, na matamvua yake ni mwendelezo wa mtande wenyewe, ni la mafundo. Ukikuta kitambaa kilichogandishwa kinachoficha kila kitu, na matamvua yameshonewa au kubandikwa pembeni, ni la bunduki na mpira. Kwa bei za mjini Mombasa, na kwa kuwa mwenye duka hakuzungumzia mafundo, nadhani lako ni la aina hii ya pili.

Kama ni hilo, uhai wa zulia lako ni uhai wa mpira wake. Mpira huzeeka kwa hewa, kwa joto na kwa jua. Hukauka, hupasuka, na mwisho huwa unga. Viwanda vya bei nafuu huuchanganya na unga mwingi wa chokaa ili kupunguza gharama, na mpira wa namna hiyo huwahi kuvunjika. Ikunje pembe ya zulia pole karibu na sikio lako. Ukisikia mlio wa kitu kikavu kinachovunjika, au ukaona unga mweupe au wa manjano sakafuni mahali zulia lilipokuwa, mpira umeanza kwisha. Kisha shika kishada kimoja cha manyoya kwa vidole viwili na ukivute kwa upole. Kikitoka kizima, pamoja na kile kipinda cha chini kilichopaswa kushikwa, hilo si tatizo la nywele fupi tena. Nimelipata funzo hili kwa uchungu. Miaka mingi iliyopita mteja wa Shela, kijiji cha jirani na mji wa Lamu, aliniletea zulia la namna hii lenye vumbi jingi, nami nikalitundika ukutani na kulipiga kwa fimbo kama nilivyokuwa nikiyapiga ya mafundo. Lilimwaga unga kwa nusu saa, nikidhani ni vumbi la nyumba, kumbe ulikuwa mpira wake. Nililipa gharama yote ya kulitia mgongo mpya, na tangu siku hiyo sipigi zulia lolote kabla ya kuangalia mgongo wake.

Lakini katika barua yako lililonishughulisha kuliko yote ni lile la chini ya kabati, ambalo umelitaja kama jambo la pembeni. Zulia linalonyonyoka kwa sababu ya nywele fupi hunyonyoka pale panapokanyagwa, kwa kuwa nyayo ndizo zinazozitoa. Chini ya kabati hapakanyagwi. Manyoya ya hapo yangepaswa kuwa mazito kuliko ya kwingineko, na wewe umeona kinyume chake. Hiyo ni dalili ya mdudu.

Wadudu wenyewe ni wa aina mbili. Wa kwanza ni nondo mdogo wa rangi ya dhahabu iliyofifia, asiyezidi urefu wa punje ya mchele, anayekimbia mwanga badala ya kuufuata kama nondo wengine. Nondo mzima hali chochote. Wanaokula ni mabuu wake, nao huacha utando mwembamba kama wa buibui katikati ya manyoya. Wa pili ni mbawakawa mdogo wa mviringo, ambaye mabuu wake wana nywele za kahawia, nao utawatambua kwa magamba matupu wanayoyavua wanapokua. Mabuu wa aina zote mbili hula sufu, manyoya ya ndege na ngozi, na hawali nailoni wala polipropilini. Ukipiga magoti na tochi chini ya kabati, utaona manyoya yaliyokatwa karibu na shina kama yaliyopitiwa na mkasi, na mara nyingi punje ndogo kama mchanga zenye rangi ileile ya zulia. Hizo punje ni vinyesi vyao. Rangi ya sufu hupita matumboni mwao bila kubadilika, na watu wengi huzifagia wakidhani ni mchanga wa njiani.

Nyumba zetu za pwani zinawafaa wadudu hawa kwa sababu ninayoijua vizuri. Sufu hunywa unyevu. Inaweza kubeba maji ya karibu theluthi ya uzito wake nawe ukiigusa usiione imelowa. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa nao hupandisha unyevu kutoka ardhini, na hewa ya bahari huleta chumvi, ambayo haikauki kabisa. Ukiliweka kabati kando ya ukuta kama huo, juu ya zulia, chini yake patakuwa giza, patulivu na penye unyevu mwaka mzima, hasa wakati wa kusi na masika. Mabuu hawahitaji zaidi, na sufu yenye jasho au chakula kilichomwagika huwavutia kuliko sufu safi.

Ukiwaona, fanya hivi. Sogeza kabati, lifagie zulia kwa fagio laini upande wa juu, kisha ligeuze uufagie mgongo, na taka zote uzifunge katika mfuko uzitupe mbali siku hiyohiyo. Chagua siku kavu ya jua kali, ulilaze zulia darini au uani juu ya plastiki nyeusi, uligeuze baada ya saa mbili, na lisikae kwenye jua siku nzima, kwa maana jua litalififisha rangi na, likiwa na mgongo wa mpira, litaukausha. Joto linalopita nyuzi 50 za selsiasi na kuingia mpaka shinani huwaua mabuu pamoja na mayai. Rudia baada ya wiki mbili, kwani mayai yaliyosalia yatakuwa yameanguliwa. Kwa zulia dogo la kuswalia, lifunge vizuri katika plastiki na uliweke katika friza lenye baridi ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki moja. Kabati lisirudi ukutani moja kwa moja. Liachie upana wa kiganja ili hewa ipite. Wengi hutumia mwarobaini, karafuu au ubani, nami sikatazi, lakini harufu haimwui buu aliyekwisha jificha katika shina la manyoya, basi usivitegemee peke yake.

Hapa nakuomba kwa moyo wote uzingatie neno moja kwa ajili ya mtoto. Usiweke vile vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo chini ya zulia au mahali popote anapofika. Mtoto huviona kama peremende, na hata mvuke wake peke yake ni hatari kwa wenye upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali ya kurithi ambayo imeenea katika maeneo ya malaria kama pwani yetu. Kwao vidonge hivyo huvunja chembe nyekundu za damu. Familia nyingi hazijui kama mtoto wao anayo. Kuhusu kikohozi, nywele za sufu zenyewe ni nene na hazifiki ndani ya mapafu, lakini zulia lenye unyevu hukusanya vumbi, ukungu na vidudu vya vumbi visivyoonekana kwa macho, na hivyo ndivyo vinavyoamsha pumu. Mlaze mtoto katika chumba kisicho na zulia kwa wiki mbili, uone kama anapata nafuu. Kikohozi kilichodumu wiki mbili au zaidi kinamhitaji daktari, si mtu wa mazulia.

Sasa matunzo ya kila siku, yatakayopunguza kunyonyoka iwapo zulia ni zima. Adui mkubwa ni mchanga. Ni mawe madogo yenye makali, magumu kuliko uzi wowote. Yakishuka mpaka shinani, kila hatua huwa kama msumeno unaokata manyoya kutoka chini. Desturi ya kuvua viatu dakani kabla ya kuingia inalinda zulia kuliko dawa yoyote ya dukani, na inafaa watoto nao waoshwe miguu wakirudi kutoka ufukweni. Fagio la chelewa liache kwa uani. Ncha zake hukwangua na kuchomoa nywele ambazo zingebaki. Tumia fagio laini, ukifuata ulalo wa manyoya, mara mbili au tatu kwa wiki. Mashine ya kufyonza vumbi inafaa, ila ile yenye brashi inayozunguka izimwe brashi yake au isitumike kabisa, kwa kuwa brashi hiyo huyachana manyoya ya sufu kama kitana. Tandika kitu chini ya zulia, blanketi kuukuu la pamba au zulia jembamba, ili lisisuguane na sakafu, na uligeuze kichwa kwa miguu kila baada ya miezi mitatu. Uzi mmoja ukichomoza juu ya wenzake, ukate kwa mkasi usawa wa manyoya. Usiuvute, hata ukionekana umelegea.

Likichafuka baadaye na kuhitaji maji, tumia maji baridi yasiyo na chumvi na sabuni isiyo kali, ile ya kufulia sufu au shampuu kidogo. Nimewaona watu Lamu na hapa Malindi wakipeleka mazulia pwani kama mikeka. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi, na chumvi hiyo ikibaki ndani ya sufu itavuta unyevu kila usiku. Kama kisima chenu kina chumvi, ngojeni maji matamu ya Shela au ya mvua.

Limebaki swali kama ni sufu kweli. Chomoa nyuzi mbili tatu kutoka kwenye mabonge, uzishike kwa kibanio, uziwashe nje ya nyumba mtoto akiwa mbali. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzima yenyewe ukiondoa moto, na jivu lake husagika kwa kidole. Plastiki huyeyuka na kuacha tone gumu. Zikiwaka upesi kama karatasi na kuacha jivu jepesi, huenda umeuziwa viskosi, uzi unaotengenezwa kwa miti, ambayo mara nyingi huitwa hariri dukani. Hiyo hupoteza karibu nusu ya nguvu zake ikilowa, na hunyonyoka bila kikomo. Kama si sufu, rudi dukani na stakabadhi yako. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya Kenya, Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na Sheria ya Kuwalinda Watumiaji ya mwaka 2012 inakataza kumpa mnunuzi maelezo ya uongo. Kama ni sufu lakini mpira wa mgongo unaoza ndani ya miezi mitano, dai lako bado lina nguvu, na usikubali kuambiwa kwamba ni hewa ya Lamu. Muuzaji akikataa, fundi anaweza kubandua kitambaa cha nyuma, kukwangua mpira wa zamani, kupaka mpya na kuufunika. Ni kazi ya siku kadhaa kwa sababu ya kukauka, na inalipa tu ikiwa manyoya ya juu bado ni mazito.

Anza na kabati, dada yangu, kabla ya chupa na kabla ya moto. Ukishalisogeza, niandikie ulichokiona pale chini: utando, magamba, punje za rangi ya zulia, au unga mweupe.